Tembe ya Saa Mbili

Silanga, Kibera
Jumapili, 5 Machi 2023

Mpendwa Bridgit,

Mulembe. Huku Silanga tuko salama. Mvua haijafika na sukuma wiki zangu za kando ya bwawa zimekauka ncha, lakini mboga ya terere haina habari, inaota tu. Baba yako amenitumia ujumbe kutoka Kimilili kwamba ng'ombe amezaa ndama dume. Alitaka jike, kwa hiyo amenuna, na ng'ombe naye amenuna. Mutanu wa kwaya yetu, anayekuletea barua hii akija kufungua kibanda chake cha mitumba hapo kwenu Kawangware 56, hajambo. Bado anaimba sauti ya tatu kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Usiulize kwa nini sikupiga simu. Masikio yangu unayajua. Nikiweka simu sikioni nasikia nyuki. Simu yangu sasa ni tochi na mahali pa kupokelea pesa za mboga. Karatasi haingurumi, na nisipoielewa naisoma tena.

Sasa neno lenyewe. Miguu imekuwa ikivimba tangu Januari. Nikivua viatu jioni, alama ya soksi inabaki kwenye ngozi kama mfereji. Wiki mbili zilizopita nilipanda ngazi za kanisa nikahema hadi mchungaji akasimamisha tangazo. Nikaenda kliniki. Daktari, kijana mpole, alinisikiliza kifua akasema moyo unasukuma damu kwa uvivu na maji yanabaki mwilini. Akaandika tembe za kutoa maji. Dirishani pa dawa foleni ilikuwa ndefu, na aliyenihudumia alizungumza akiitazama kompyuta. Nilisikia "mama" na nikasikia "anayefuata". Kwenye pakiti ameandika moja, mara mbili kwa siku.

Mara mbili ni saa ngapi? Niandikie wazi. Nimefundisha chekechea miaka mingi na nimezoea kufuata maagizo kama yalivyoandikwa.

Shangazi yako,
Senge Nanyama


Kawangware 56
Alhamisi, 9 Machi 2023

Senge wangu,

Niaje! Najua, najua. Mulembe.

Mimi niko poa. Chumba changu kiko juu ya saluni, nyuma ya hardware, kwa hivyo naamka na harufu ya nywele na nalala na kelele ya mabati. Lakini ni changu, na dirisha linaangalia jua.

Kazi nayo naipenda. Ile nyumba ya wazee ya Riruta ni ndogo na matroni wetu, Magdaline, ni mkali kukushinda. Kabla ya kumpa mtu dawa yoyote lazima ujiulize: ni mgonjwa huyu? Ni dawa hii? Ni kipimo hiki? Inapitia hapa, mdomoni au kwa sindano? Na ni wakati huu? Akikukuta na kikombe cha tembe anakusimamisha kwa korido na kukuuliza yote, hata kama umebeba uji na mkono wa pili. Tuna mzee anaitwa Gathogo ambaye alikuwa anaficha tembe ya presha chini ya ulimi, halafu akienda kuota jua anaitema kwenye chungu cha maua. Tulijua siku maua yalipokauka. Magdaline akamwambia, "Mzee, hilo ua halikuwa na presha." Siku hizi tunamngoja ameze, afungue mdomo, ainue ulimi, ndio tutoke. Anasema polisi wa zamani walikuwa na heshima kutushinda.

Sasa zako. Hizo tembe zinaambia figo zitoe maji na chumvi kupitia mkojo. Ukimeza, ndani ya saa moja hivi utaanza kwenda choo, na utaendelea kwa saa kadhaa. Usishtuke, ndiyo kazi yake. Hapa kwetu wazee wanaopewa mara mbili kwa siku wanameza saa mbili na saa nane. Wewe pia fanya hivyo. Moja saa mbili, moja saa nane. Ukisahau moja, usimeze mbili kufidia.

Zinaweza kukuletea kizunguzungu, kwa hivyo ukiamka keti kwanza kwa kitanda, ndio usimame. Misuli ya miguu ikianza kukaza, au moyo uanze kudunda ovyo, rudi kliniki wapime damu, kwa sababu maji yakitoka yanatoka na madini. Na usinunue dawa za maumivu kwa duka hata kama jirani yako Kaloki anaapa zimemponya mgongo. Nyingine zinafanya mwili ushike maji, na sisi tunayatoa.

Niandikie kama miguu imepungua. Ningekuja mwenyewe lakini niko zamu hadi Pasaka iishe.

Ni mimi,
Bridgit


Silanga
Jumapili ya Matawi, 2 Aprili 2023

Mpendwa Bridgit,

Mulembe tena. Mvua imefika na bwawa limejaa magugu hadi mtu anaweza kudhani ni shamba. Nimeuza terere hadi nikabaki na ya kula tu. Baba yako amempa ndama jina la mbunge fulani, sitaandika nani, na sasa watu wanakuja kumwona.

Barua yako niliisoma na kuisahihisha. "Kwa duka" ni "dukani". "Kwa kitanda" ni "kitandani". "Kwa korido" nimeiacha kwa sababu nilikuwa nimechoka. Mengine yote yako sawa, na yule mzee wa maua alinichekesha hadi Kaloki akagonga ukuta kuuliza kama niko na wageni.

Dawa nameza kama ulivyoagiza, saa nane na saa mbili, sijakosa hata mara moja. Miguu imepungua. Leo kiatu cheusi kimeingia bila kubembelezwa na ngazi za kanisa nimepanda kama mtu mwingine. Dawa inafanya kazi. Wakati mwingine naona inafanya kazi kwa bidii kuliko mimi.

Jingine dogo. Walubengo, mtunzaji wa ploti yetu, ameweka kufuli mpya kwenye choo na anakifunga mapema. Nimemwomba ufunguo wa ziada. Akaniuliza, "Mwalimu, wa nini?" Nikamwambia, "Wa mlango." Amenipa.

Pasaka njema. Usifanye kazi ukasahau kula.

Senge Nanyama


Kawangware 56
Jumapili, 21 Mei 2023

Senge wangu mpendwa,

Mulembe. Niko salama, na saluni ya chini nayo iko salama, wamenunua redio kubwa. Mzee Gathogo anaendelea vizuri na amemwomba Magdaline amnunulie ua lingine, asema hili hatalinywesha kitu.

Nina habari, na nimeanza hii barua mara tatu.

Kuna mtu anaitwa Muli. Ni fundi wa kuchomelea, ana sehemu yake hapa 56 karibu na stendi, anatengeneza mageti na vitanda vya chuma. Alikuja kazini kwetu kuweka vyuma vya pembeni kwa vitanda vya wazee ili wasianguke. Alikaa siku nzima akimwuliza kila mzee analalia upande gani. Kesho yake akarudi kuangalia kama chuma cha Gathogo hakimgusi kiwiko. Siku ya tatu hakukuwa na kazi na alirudi tu. Hapo ndipo nilielewa.

Ni wa kwao Machakos. Wazazi wake wanajua, baba pia anajua. Wamekubaliana wageni waje nyumbani Kimilili Jumamosi tarehe 19 Agosti kuzungumza mambo ya mahari. Sisi wa Nairobi tutakodisha gari, tuondoke Ijumaa usiku, tufike kukipambazuka.

Senge, unajua ninachoomba. Wewe ndiye dada ya baba. Nani ataniita pembeni aniulize kama kweli namtaka huyu mtu, halafu aende mbele ya wazee kunisemea? Mama hayupo. Nimekuwa nikikuona wewe mahali hapo tangu nikiwa mdogo, umevaa ile kitenge ya kijani, unaongea na wanaume wananyamaza.

Nataka kuja kukuona Jumapili ijayo nikuelezee vizuri. Niambie.

Bridgit


Silanga
Jumapili, 18 Juni 2023

Mpendwa Bridgit,

Mulembe. Barua yako ya Mei imenifikia juzi. Mutanu aliitia kwenye mfuko wa koti alilokuwa anauza ili isilowe, kisha akaliuza koti. Aliyelinunua ni mtu mwaminifu wa Riruta na aliirudisha, ila alichukua muda, na nadhani aliisoma, kwa sababu alimwambia Mutanu anipe pongezi.

Pongezi nakupa na mimi. Huyu Muli, je, anasali? Analipa watu anaowaajiri? Akikasirika anafanya nini na mikono yake? Haya unijibu bila mapambo. Mtu anayeuliza mzee analalia upande gani ameshajibu swali moja bila kuulizwa.

Kuhusu Kimilili, sitaweza kwenda. Mwambie baba yako amwombe Nekesa wa Webuye. Naye ni dada yetu, ni mdogo wangu lakini ana sauti, na atakusemea vizuri. Kitenge cha kijani nitamtumia.

Jumapili ijayo usije, wala ile inayofuata. Nina shughuli.

Kwaya nimewaachia wengine kidogo. Kesha za kanisa pia. Mvua imepungua na nguo zinakauka upesi. Kaloki ameanza kuniita muuza blanketi. Hana kazi.

Kula vizuri.

Senge Nanyama


Kawangware 56
Jumapili, 25 Juni 2023

Senge,

Mulembe. Huku sote wazima.

Ulisema nijibu bila mapambo. Anasali, ila anasinzia wakati wa mahubiri. Ana watu wawili na anawalipa Jumamosi kabla hajajilipa. Akikasirika ananyamaza na anapaka rangi kitu. Mlango wa choo cha ploti yao umepakwa mara nne mwaka huu kwa sababu ya landilodi.

Sasa na mimi niulize bila mapambo. Ni kwa sababu ni Mkamba? Nakumbuka mambo uliyosema wakati binamu alipoleta yule mtu wa Nyeri. Kama ndivyo, niambie, nitajua pa kuanzia. Nekesa sitaki. Nekesa nimemwona mara tatu maishani na zote ilikuwa matanga.

Ama ni safari ya usiku? Muli anasema tunaweza kubadilisha tuondoke asubuhi, gari ni la rafiki yake. Sema tu.

Na kwaya umeiacha kwa nini? Miguu je? Dawa unakunywa saa ngapi siku hizi, ama umeacha? Kazini tunafundishwa kwamba mtu akianza kukwepa maswali, angalia dawa kwanza.

Bridgit


Silanga
Jumapili, 9 Julai 2023

Bridgit,

Mulembe.

Dawa ni saa mbili na saa nane, kama ulivyoandika. Barua yako nimeibandika ukutani, kwa hiyo siwezi kukosea.

Muli hana kosa. Machakos haina kosa. Yule wa Nyeri alikuwa na kosa, na kosa hilo lilikuwa mke wake.

Usimwambie abadilishe gari kwa ajili yangu. Asubuhi au usiku kwangu ni mamoja. Miguu ni miguu.

Kuna mambo mtu mzima haandiki, na wewe si mtoto wa kuambiwa kila kitu mara mbili. Nimekutumia terere kwa Mutanu. Ipike kwa maziwa.

Senge Nanyama


Kawangware 56
Jumamosi, 22 Julai 2023

Senge wangu,

Mulembe, na safari hii naandika haraka, kwa hivyo usahihishe baadaye.

Leo nilienda kwa Mutanu kutafuta sweta ya kazi. Nilikuwa nimekukasirikia, nitakuambia ukweli. Nilitaka tu kununua na kuondoka. Mutanu akaanza:

"We Bridgit, hebu niambie, senge wako ana nini? Siku hizi anakuja kanisani na patipati miguuni."

"Patipati? Senge?"

"Mwalimu mzima! Viatu vimemkataa. Mguu umejaa hivi, kama mkate. Na kwaya ameacha, sauti ya kwanza sasa ni kama redio ya betri mbovu."

"Si anakunywa dawa?"

"Dawa alikuwa anakunywa sana. Hata tulikuwa tunamtania. Tuko katikati ya wimbo, ikigonga saa mbili, anainua mkono, mwalimu wa kwaya anatusimamisha, senge wako anatoa chupa yake ya maji, anameza. Tukamwambia huo ni ubatizo wa pili."

"Saa mbili gani?"

"Kwani ziko ngapi?"

"Mutanu, mazoezi ya kwaya ni saa ngapi?"

"Jioni! Sasa tungeimba asubuhi, na asubuhi niko hapa nakuuzia sweta?"

Senge, nilikaa juu ya belo la nguo. Mutanu alidhani bei imenishtua, akapunguza.

Niliandika saa mbili na saa nane. Nilimaanisha saa mbili asubuhi, halafu saa nane mchana. Kazini dawa za asubuhi ndizo za kwanza, kila mtu anajua, hakuna anayesema "asubuhi". Wewe ulianza na ya mchana, saa nane, halafu saa mbili usiku. Na kila nilipokuuliza, ulinijibu saa mbili na saa nane, na nikafurahi. Tumekubaliana miezi minne juu ya kitu ambacho hatukukubaliana.

Tembe ya maji haimezwi usiku. Ukiimeza saa mbili usiku inafanya kazi ukiwa umelala. Sikuandika hilo, na hilo ndilo nilipaswa kuandika kabla ya kukuhadithia maua ya Gathogo.

Sikuulizi kitu kingine chochote. Sitaki kujua kilichotokea wapi. Nadhani pia kuna siku umekuwa ukiiacha hiyo ya usiku, na singekulaumu, lakini ndiyo sababu miguu imerudi.

Fanya hivi. Leo usiku usimeze. Kesho ameza moja saa mbili ASUBUHI, baada ya chai. Ya pili saa nane MCHANA. Usiongeze ya kufidia. Ukianza kuhema ukiwa umelala chali, au kifua kikubane, usiningoje, mwambie Walubengo akupeleke hospitali wakati huo huo. Jumanne niko ofu na nakuja, na usiniambie una shughuli. Tutaenda kliniki pamoja, wakupime uzito na presha na damu, na daktari aambiwe jinsi ulivyokuwa ukimeza, kwa sababu asipojua anaweza kukuongezea kipimo bure.

Muli ameshaongea na mwenye gari. Gari itaondoka Ijumaa ile ya tarehe 18, saa mbili, kutoka hapa stendi ya 56. Kiti chako kipo. Kama hutaki kukaa, kitasafiri kitupu, lakini Nekesa hatakikalia.

Bridgit


Silanga
Jumapili, 6 Agosti 2023

Mpendwa Bridgit,

Mulembe, mulembe sana. Huku ni baridi na sukuma zinapenda. Walubengo amekuja kudai ufunguo wake wa ziada. Nimemrudishia.

Jumanne ile ulipokuja hukuniuliza na mimi sikusema, na nilikushukuru njia nzima hadi kliniki. Sasa nitaandika mara moja tu, na ukisha kusoma tutaendelea na mambo mengine. Kwenye kesha ya Mei tulilala kidogo alfajiri, wanawake wa kwaya, kwenye godoro moja. Niliamka kitenge kimelowa. Nikatoka kabla taa haijawashwa. Baada ya hapo sikulala popote pasipokuwa kwangu, na hapa kwangu blanketi lilikuwa kwenye kamba kila asubuhi. Nilipokuwa nataka kulala kama binadamu niliacha tembe ya usiku, miguu ikavimba. Nilipoona miguu nikameza tena. Nikafikiri ndio uzee, na uzee hauombewi ushauri. Uliponiandikia kwamba gari litasafiri usiku, nilijiona nimekaa katikati ya ukoo wa Machakos kukipambazuka. Afadhali unifikirie mbaya.

Ndiyo hayo. Nimeyaandika kwa kalamu ya wino ili nisiyafute.

Kosa usilibebe peke yako. Miaka yote ile chekechea nilikuwa na saa ya kadibodi, mishale miwili ya karatasi, na kila mtoto niliyemfundisha "saa mbili" nilimwuliza, "Asubuhi au usiku?" Asiyejibu hakwenda kucheza. Wewe mwenyewe ulisimama pale kona ya darasa ukilia. Kisha nikapata barua yenye saa mbili ndani yake na sikuuliza.

Habari za mwili: siku kumi na tano sasa naimeza asubuhi na mchana. Mchana nakwenda choo kama mtu mwenye biashara huko, na ikifika jioni nimemaliza. Usiku nalala. Sikumbuki nilivyokuwa nikilala kabla, lakini haikuwa hivi. Kiatu cheusi kimerudi. Daktari alisema damu iko sawa, ila nile ndizi na nirudi mwezi ujao. Kwenye pakiti mpya ameandika asubuhi, mchana, kwa maneno, na yule wa dirishani nilimwomba azungumze akinitazama. Alinitazama. Kumbe ana sauti nzuri tu. Ijumaa nilirudi kwaya. Mutanu alinipisha nafasi yangu na kusema, "Ubatizo umekwisha?" Nikamwambia umehamia asubuhi. Kaloki naye ameniuliza mbona nimefunga duka la blanketi, alikuwa karibu kununua.

Sasa Muli. Jumanne ile mlikuja pamoja, na ulipoondoka kurudi Kawangware alibaki kuniwekea kile kishikio cha chuma kando ya kitanda, nijivute nikiinuka ili kizunguzungu kisinitupe. Aliniomba nikae kitandani ninyooshe mkono, akaweka alama ukutani pale vidole vilipofika. Kisha akaniambia niinuke kama ninavyoinuka siku mbaya, si siku nzuri, akaishusha ile alama kidogo. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza ninavyoinuka siku mbaya. Akamaliza, akafagia, akakataa soda, akanywa maji. Kisha akasinzia kwenye kiti. Nilimwacha.

Nikikuita pembeni kule Kimilili nitakuuliza swali kama inavyotakiwa, na utajibu kama inavyotakiwa, lakini mimi jibu langu nimeshalipata. Wazee nitawaambia nitakavyowaambia. Kitenge cha kijani sijakituma kwa mtu. Kiko kwenye kamba, kimefuliwa, na safari hii Kaloki amekiri kwamba hicho hawezi kumudu bei yake.

Bado moja. Barua yako ya mwisho nimeisahihisha. Umejaza karatasi, mbele na nyuma, kunieleza tofauti ya asubuhi na usiku, na kwa herufi kubwa. Kisha, mwishoni kabisa, umeandika, "Gari itaondoka Ijumaa ile ya tarehe 18, saa mbili."

Kwanza, ni "gari litaondoka".

Pili, ipi?

Senge wako,
Nanyama


Kawangware 56
Alhamisi, 10 Agosti 2023

Senge,

USIKU.

Ya asubuhi ni ya tembe. Usiku sasa ni wa kwako, fanya nao unavyotaka, hata uende nao Kimilili. Kiti cha dirisha, nyuma ya dereva. Muli anasema tutasimama Nakuru kwa chai, na yeyote anayetaka kushuka atashuka bila Walubengo yeyote kumwuliza, "Wa nini?"

Wa mlango.

Bridgit wako